Nyumba ya Mabati ya Mama Mkwe

Nyumba ya nyasi ya mama mkwe wangu ilibomolewa asubuhi, yeye mwenyewe akiwa sokoni Busia akiuza samaki wakavu. Hakuulizwa. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja na vijana wenye shoka na majembe, akasimama uani, akawaamuru waanze na paa.

Mimi nilikuwa naanika mtama. Nilikuwa bibi harusi wa juzijuzi katika boma lile la Sikuda, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeshakuwa kubwa. Nilipiga goti kama nilivyofundishwa kwetu, nikamuuliza, "Shemeji, Mama anajua?"

"Atajua akirudi," akasema, hata hakunitazama.

Nyasi zilianguka chini kwa mafungu, nyeusi kwa moshi wa miaka. Nilikimbia huku na huku kuokoa vyungu, ngozi ya kulalia, sanduku la nguo. Nikavirundika jikoni kwangu. Mama aliporudi alasiri na kikapu chake kichwani alikuta ukuta umebaki nusu. Aliteremsha kikapu taratibu, akakikalia.

"Vitu yangu iko wapi?" akaniuliza.

"Ipo jikoni kwangu, Mama."

"Haya," akasema. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na kilio changu kilikuwa cha hasira, si cha huzuni. Miaka imepita mingi, lakini bado namwona alivyokaa juu ya kikapu kile.

Lazima nieleze tulivyokuwa tunazungumza. Mimi nilitoka Mella, upande wa Tororo, na lugha yangu ni Dhopadhola. Yeye alikuwa Msamia. Miezi ya kwanza hatukuwa na maneno ya kutosha ya kusalimiana kwa lugha zetu, kwa hiyo tulishika Kiswahili cha sokoni, kile cha kuuziana samaki na chumvi mpakani. Changu kilikuwa cha shule kidogo, chake kilikuwa cha biashara tupu. Kwa Kiswahili hicho tulilea mtoto, tukateta, tukapendana.

Mume wangu alifanya kazi ya kupakia saruji kiwandani Tororo. Alikuja kila Jumamosi kwa baiskeli, nywele zimejaa vumbi jeupe, akaondoka Jumapili. Alikuwa mpole kupita kiasi, na mbele ya kaka yake alikuwa mdogo kuliko umri wake. Kaka mtu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kenya, hatua chache tu kutoka kizuizi cha mpaka. Aliuza misumari, rangi, kufuli, na mabati. Hasa mabati. Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila mtu alitaka bati linaloonekana likimetameta kutoka barabarani. Nyumba ya mama yake mzazi ilikuwa ya nyasi, nayo iko karibu na barabara. Ndiyo sababu ilivunjwa. Alisema ni heshima kwa Mama. Mimi nasema ilikuwa tangazo la duka.

Nyumba mpya ilisimama upesi. Kuta za matofali, fupi. Madirisha mawili ya vioo ambayo fundi aliyapigilia kabisa, hayakufunguka. Juu, bati tupu juu ya mbao. Mume wangu, kwa mara moja, alithubutu kuuliza habari ya dari.

"Dari ya nini?" kaka yake akajibu. "Kupoteza hela. Nani anaingia nyumbani kwa mtu akatazama juu?"

Aliyetazama juu ni Mama. Alilala chali akalitazama lile bati usiku baada ya usiku.

Ile nyumba ya zamani nilipata kuijua kidogo tu kabla haijavunjwa, lakini naikumbuka vizuri. Paa lake lilikuwa nene kama godoro, na lilishuka mpaka karibu na kiuno. Saa saba mchana, jua la Februari likiwa limekausha hata mate kinywani, ukiinama ukaingia mle ulihisi kama umetia miguu mtoni. Jioni aliwasha vijiti viwili vitatu vya kuni, akachemsha viazi vyake, na lile joto dogo lilibaki ndani mpaka alfajiri. Mzigo mmoja wa kuni ulimtosha muda mrefu. Hakununua mkaa. Mafuta ya taa alitia kwenye kibatari tu.

Chini ya bati mambo yaligeuka yote. Kufikia saa nne asubuhi hungeweza kukaa ndani. Mabati yalitanuka kwa jua yakawa yanalia, ta, ta, kama mtu anayerusha kokoto. Maziwa yaliganda kabla ya chakula cha mchana. Usiku joto lote lilitoka kwa bati lile lile lililoingilia, na mvua zikianza, bati lilitoa jasho. Asubuhi Mama alikung'uta blanketi lake lililoloa, ilhali mvua yenyewe haikuvuja hata tone.

"Mchana nachoma mimi, usiku nagandisha mimi," alisema. "Hii nyumba nataka nini kwangu?"

Alianza kushinda jikoni kwangu, chini ya nyasi, na mara nyingine alilala huko huko, mimi na mtoto wangu mchanga upande mmoja, yeye upande wa pili. Nilifurahi kuwa naye. Lakini habari ikafika dukani, na Jumapili moja shemeji akaja amefura.

"Watu wanasema nini?" akapaza sauti uani. "Nimemjengea mama yangu nyumba ya kisasa, yeye analala jikoni kwa mke wa mdogo wangu! Mnataka kuniaibisha?"

"Joto, mwanangu," Mama akasema.

"Joto ni jambo dogo. Nitaleta dawa yake."

Dawa ilifika juma lililofuata, nyuma ya pikapu. Wakati ule Wazungu wengi wa Tororo walikuwa wanafungasha virago, na waliuza kila kitu, hata mapazia. Shemeji alikuwa amenunua vitu viwili. Kimoja kilikuwa feni, kubwa, ya kijani, yenye waya mrefu na plagi. Cha pili kilikuwa stovu ya mafuta ya taa, ile ya kupashia chumba joto, yenye kioo mbele.

Sikuda hakukuwa na umeme. Hata Busia yenyewe umeme ulikuwa wa kuhesabu nyumba. Nilimwona akiiweka ile feni juu ya meza, akaifunika kitambaa cha kudarizi, akarudi nyuma kuitazama. Nikamuuliza kwa adabu itazungushwa na nini. Akasema, "Umeme utakuja." Mama alikaa mbele ya feni iliyosimama, jasho likimtiririka shingoni, na mwanawe akamwambia ameshapata hewa.

Stovu ndiyo iliyotudhuru. Ilikuwa inakunywa mafuta kama ng'ombe, na shemeji hakuacha hata chupa moja. Mume wangu ndiye aliyenunua. Mafuta yakiisha tuliwasha mkaa kwenye jiko na kuliingiza ndani, mlango wazi kwa kuogopa sumu ya mkaa, na kwa mlango huo huo wazi joto likatoka. Tulikuwa tunapasha uwanja. Mshahara wa kupakia saruji, wa mtu aliyekohoa vumbi juma zima, uliishia hewani. Mkaa ulipokosekana nilifunga mtoto mgongoni nikaenda kutafuta kuni, mbali, kwa sababu za karibu tulikuwa tumeshazimaliza. Nyumba moja ya kizee mmoja ilikula kuni kuliko boma zima lilivyokula zamani. Na stovu ilitoa moshi mwembamba wenye harufu, moshi usioonekana vizuri, na kifua cha Mama kikaanza kumsumbua.

Nilimwambia mume wangu. Akainamisha kichwa. "Kaka amejenga kwa jasho lake," akasema.

"Na Mama anaoga jasho lake kila siku," nikamjibu.

Basi ikaja siku ya kubariki nyumba. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Shemeji alimwalika mchungaji, wazee wa kanisa, na wafanyabiashara wenzake kutoka ng'ambo ya mpaka. Mke wake alikuja na sufuria za wali na mapambo ya karatasi. Tulimvika Mama gomesi jipya alilonunuliwa, vazi refu la sherehe, la kitambaa kizito chenye kung'aa, na ndani yake tukamfunga shuka nene kama desturi inavyotaka. Nikamwambia shemeji tuweke viti nje, kivulini pa jiko.

"Wageni wamekuja kuona nyumba, hawakuja kuona jiko," akasema.

Wakaingia wote. Watu wazima chumba kizima, mlango umezibwa na waliosimama, vioo vimepigiliwa. Mabati yalilia. Mchungaji mwenyewe alifupisha sala, namshukuru. Mke wa shemeji alikuwa anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Shemeji alianza hotuba. Alieleza unene wa bati, akaeleza linatoka wapi, akaeleza litadumu miaka mingapi. Nilikuwa nimesimama karibu na Mama, nikaona midomo yake inageuka rangi ya majivu. Nikamgusa mkono. Ulikuwa mkavu kabisa, umeacha kutoa jasho. Kisha akateleza kwenye kiti, akaanguka.

Tulimbeba mimi na mke wa shemeji, tukamtoa nje, tukamlaza jikoni kwangu, tukamfungua gomesi, tukamwagia maji kifuani na kichwani. Alipumua. Alifumbua macho akauliza mtoto yuko wapi. Nikarudi uani, nikamsikia shemeji akiwaambia wageni, "Ni uzee tu. Wazee wetu hawajazoea vitu vizuri."

Hapo ndipo niliposahau mafunzo yote. Sikupiga goti. Nilisimama katikati ya wageni nikasema kwa sauti iliyosikika barabarani, "Si uzee! Umemwoka mama yako kama mkate! Ingia wewe mle, funga mlango, kaa mpaka jioni, tuone kama ni uzee!"

Mzee mmoja wa kanisa aliweka sahani yake chini. Mume wangu alinitazama kama hanijui. Shemeji akazungumza taratibu, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Mdogo wangu, mke wako arudi kwao akafundishwe."

Na mume wangu alinyamaza. Hilo nilikaa nalo muda mrefu kuliko yote.

Nilirudi Mella na mtoto mgongoni. Baba yangu aliuliza nimemtukana nani, nikamweleza, akacheka kidogo kisha akakasirika, kisha akasema nipumzike. Mama yangu alikuwa akisuka mikeka ya mafunjo, yale ya kinamasi cha chini ya shamba letu, na akanisogezea rundo tusuke pamoja.

Baba alikuwa na ghala la karanga lenye paa la bati. Siku chache baadaye nilitumwa kuchota karanga humo, mchana wa jua kali, na nilipoingia nikasimama. Palikuwa baridi. Nilikuwa nimelijua ghala lile tangu utotoni na sikuwahi kulifikiria. Juu yangu, chini ya bati, Baba alikuwa amepanga fito, juu ya fito mikeka ya mama yangu, na juu ya mikeka udongo wa kichuguu uliokandwa na kinyesi cha ng'ombe. Kwenye kuta, karibu na paa, aliacha matundu ya hewa, na joto lililonaswa kati ya bati na dari lilitokea huko. Alifanya hivyo kwa sababu karanga zikipata joto zinaharibika.

Nilikaa juu ya gunia nikapandwa na hasira upya. Karanga zetu zilikuwa zinalala pazuri kuliko mama mkwe wangu. Fito, mafunjo, udongo, mavi ya ng'ombe, vyote vya bure, vyote vilikuwa Sikuda pia. Na yule mtu mwenye duka zima la ujenzi alishindwa kumfanyia mama yake kile ambacho baba yangu alizifanyia karanga.

Mume wangu alikuja kunichukua mwezi ulipokwisha. Alikaa kwenye kigoda, kofia mikononi.

"Kaka anasema uombe msamaha," akasema.

"Na Mama anasemaje?"

Akaigeuza kofia. "Mama anasema urudi. Anasema hataki mtu mwingine wa kumpikia." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Anakohoa."

"Sitaomba msamaha," nikamwambia. "Nitarudi tukiweka dari. Mimi na wewe. Mikeka ninayo. Kaka yako asiulizwe, kama yeye asivyomuuliza mtu."

Sijui alifikiria nini njiani siku ile, au alikuwa amefikiria nini mwezi mzima. Alisimama, akaanza kufunga mikeka kwenye baiskeli.

Aliomba ruhusa kiwandani tukafanya kazi siku za katikati ya juma, shemeji akiwa dukani. Alikata fito akazipanga ukuta kwa ukuta. Wanawake jirani walikuja kukanda udongo kwa miguu, wakaupandisha kwa mabeseni, na Mama alikaa mlangoni akiamuru, "Huko bado nyembamba! Ongeza!" Mume wangu alitoa matofali kadhaa chini ya paa, pande zote mbili, ili hewa ipite. Kisha akachukua nyundo akang'oa ile misumari ya madirisha. Niliona anavyoing'oa, kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika, nikajua kuna kitu kimegeuka ndani yake.

Udongo ulipokauka Mama aliingia saa saba mchana akajilaza. Tulingoja nje. Akakawia. Nilipochungulia alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi. Tangu hapo gunia la mkaa lililokuwa likiisha haraka lilidumu mpaka tukalisahau pembeni. Stovu niliiosha nikafungia vifaranga ndani yake, na mafuta yakarudi kuwa ya kibatari. Mume wangu alimnunulia mtoto viatu.

Shemeji alikuja Jumapili. Alitazama juu, hatimaye.

"Mmeipaka nyumba yangu mavi!"

Mama alikuwa ameketi kitandani. "Nyumba ya nani?" akauliza.

"Yako, Mama, lakini—"

"Basi mavi ni yangu."

Shemeji alinigeukia mimi, mkono umenyooshwa, na mume wangu akaingia kati yetu. "Kaka, hapana," akasema. Maneno mawili tu. Sikuwahi kumsikia akiyasema kwa mtu yeyote, hata kwa mbuzi.

Shemeji aliketi. Nilimletea chai kwa sababu Mama aliniomba. Akainywa, akaomba nyingine, na akaendelea kukaa pale mpaka jua lilipopungua, kwa kuwa ndani palikuwa baridi. Hakusema hivyo. Lakini baada ya mwezi akaja na mteja, akamwonyesha kwa kidole, "Dari yangu hii. Nilibuni mwenyewe." Punde akawa anauza mikeka ya mafunjo dukani pamoja na mabati. Alituma mtu Mella kuinunua kwa mama yangu kwa bei ya kumdharau, na mama yangu akamrudisha mtu yule mikono mitupu.

Ningependa kusema Mama alipona. Hakupona. Dari ilimpa usingizi, haikumrudishia kifua. Kila mvua zilipoanza alikohoa, na mwisho wa miaka ile ya sitini mvua moja ikamchukua, asubuhi, nikiwa nimemshika mgongo ili akae.

Matangani shemeji alisimama mbele ya watu wote. Alisema alimjengea mama yake nyumba ya mabati, nyumba ya kwanza ya aina ile kijijini, na kwamba Mama aliishi humo kwa raha mpaka siku yake. Nikasimama.

"Si kweli," nikasema. "Kifua chake kiliharibikia humo. Naomba usimzike na uongo."

Safari hii hakuna aliyesema nirudishwe kwetu. Wanawake wa sokoni, wale waliouza samaki naye, waliguna kwa pamoja, mguno mrefu, na mume wangu akaja akasimama karibu yangu. Shemeji alikunja karatasi yake akakaa. Hakunisemesha tena maishani, nami sikumtafuta. Watu wameniambia nisamehe. Nimejaribu kanisani, nimeshindwa, na siku hizi sijaribu.

Matanga yalipoisha, mke wa shemeji alinifuata kisimani. Hatukuwa tumezungumza sana miaka yote ile. Aliweka ndoo chini, akatazama nyuma kama anayeogopa kusikika.

"Dada," akasema, "chumba ninacholala nyuma ya duka ni bati tupu. Anauza dari kwa watu, kwangu hajaweka. Watoto wanatokwa na upele. Nisaidie."

Nilitaka kumwambia akamwombe mumewe. Neno lilifika ulimini. Kisha nikaona shingo yake, imejaa harara nyekundu mpaka chini ya ukosi.

"Ana safari lini?" nikamuuliza.

"Jumatano anakwenda Kisumu."

Jumatano tulivuka mpaka mapema, mimi, yeye aliyekuja kutuchukua, na wale wanawake wa samaki, tumebeba mafunjo na udongo kwenye mabeseni. Askari wa kizuizini aliuliza tunaingiza nini Kenya. Nikamwambia, "Udongo," akatupungia mkono tupite, tukaenda kufanya kazi.